Mkeka chini ya mwembe: namna ya kufundisha amani shuleni

Shule niliyofundisha kwa miaka tisa iko bondeni mkoani Morogoro, mahali ambapo kwenye dawati moja unamkuta mtoto wa mkulima wa mpunga amekaa bega kwa bega na mtoto wa mfugaji. Ng'ombe wakiingia shambani kwa mtu usiku wa Jumamosi, kesi yake nilikuwa naipokea mimi Jumatatu asubuhi. Naingia darasani nakuta watoto watatu wa dawati moja wamebaki wawili, na wa tatu yuko sakafuni na daftari lake mapajani, maana nyumbani ameambiwa asikae na "hao". Ijumaa walikuwa wanagawana muwa.

Kwetu jambo hili si dogo. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, zaidi ya watu 30 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Wazazi wengi wa watoto niliowafundisha walikuwa vijana wakati ule, na wanakumbuka.

Ninachoamini baada ya miaka hiyo ni hiki: mtoto hujifunza amani siku ugomvi wake mwenyewe unaposikilizwa mpaka mwisho, bila mtu kupigwa wala kudhalilishwa, na kesho yake akakuta kweli umeisha. Wimbo wa mstarini na bango la ukutani vinapendeza, lakini kazi hiyo haviwezi. Hatua zilizo hapa chini zinahitaji mkeka mmoja, daftari moja, na mwalimu mmoja au wawili wenye uvumilivu. Nilizifanya kwenye darasa la watoto zaidi ya themanini, kwa hiyo wingi wa watoto wako usikuvunje moyo.

Hatua ya kwanza: Weka fimbo chini

Hii ndiyo ngumu kuliko zote, na ukiiruka usihangaike na zinazofuata. Mwalimu akifundisha mazungumzo huku ameshika fimbo, watoto wanajifunza ile fimbo. Wanajifunza kwamba maneno ni ya wakati wa kawaida, na jambo likiwa zito mwenye nguvu ndiye anayelimaliza. Niliwahi kumkuta kiranja wa darasa la sita nyuma ya vyoo akiwachapa watoto wa darasa la kwanza kwa kijiti. Alikuwa anatumia maneno yangu yaleyale, na alisimama kama ninavyosimama mimi, mkono mmoja kiunoni. Sikumuadhibu. Nilirudi ofisini nikakaa.

Anza kwa kuwakumbusha wenzako sheria, kwa sababu walimu wengi hawajaisoma. Tanzania Bara kanuni za adhabu ya viboko bado zipo, lakini zinabana: viboko visizidi vinne, kwa kosa zito, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike kama yupo. Ukilinganisha na yanayofanyika kila siku mstarini, utaona kwamba viboko vingi tunavyochapa havina kibali cha mtu yeyote. Wenzetu wa Kenya walivipiga marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikarudia katazo hilo.

Wakumbushe pia yaliyotokea Kagera Agosti 2018, mtoto wa darasa la tano alipofariki baada ya kuchapwa na mwalimu akituhumiwa kuiba mkoba. Mkoba haukuwa umeibwa. Nikilitaja tukio hili kwenye kikao cha walimu huwa kimya kinatanda, kwa sababu kila mmoja wetu anajua siku aliyochapa kwa hasira na kwa bahati tu hakuua.

Halafu usidai fimbo iachwe yote kwa siku moja. Mwalimu mwenye mikondo mitatu na vipindi thelathini kwa wiki akisikia hivyo anaona umemnyang'anya kitu pekee kinachomsaidia kumaliza siku. Fanya hivi: kaeni mtaje majina ya waliochapwa wiki iliyopita. Mtaona majina ni yaleyale. Kama fimbo ingekuwa dawa, mgonjwa angeshapona. Kisha chagueni kosa moja tu ambalo kwa muhula mmoja halitachapiwa mtu. Sisi tulichagua kuchelewa. Waliochelewa waliingia kimya, wakajiandikisha kwenye daftari mlangoni, na wakati wa mapumziko mwalimu wa zamu akamuuliza kila mmoja peke yake: kwa nini? Wavulana wa wafugaji walikuwa wanatoa ng'ombe zizini kwanza. Wasichana walikuwa wanateka maji. Baadhi ya wazazi tuliwaita, tukaelewana. Kuchelewa hakukuisha kabisa, lakini watoto wawili waliokuwa wameacha shule walirudi, na mmoja alituambia wazi kwamba alikuwa akiona amechelewa anageuza njiani, anashinda mtoni.

Badala ya fimbo, mtoto arekebishe alichoharibu. Amevunja ufagio, alete ufagio au asuke mwingine. Ametukana, afute tusi lake mbele ya waliolisikia. Lakini jihadhari na adhabu zinazojifanya si za ukatili: kupiga magoti kwenye kokoto, kushika masikio na kuchuchumaa, kung'oa kisiki juani, kuitwa ng'ombe mbele ya darasa. Hiyo ya mwisho haimwachii mtoto alama mwilini, na nimewaona watu wazima wanaoikumbuka mpaka leo.

Hatua ya pili: Daftari la ugomvi

Kwa wiki mbili, kabla hujafundisha chochote, andika kila ugomvi unaouona au kuletewa. Saa ngapi, wapi, darasa gani na darasa gani, ulianzaje, nani aliumaliza na kwa njia gani. Majina usiandike, maana daftari likishikwa na mtu mwingine litakuwa orodha ya wakosaji.

Langu lilinishangaza. Nilidhani nitakuta ukabila mtupu. Nilikuta zaidi ya nusu ya ugomvi wote umetokea sehemu moja, bombani, kati ya saa nne na saa nne na nusu asubuhi. Bomba moja, watoto zaidi ya mia sita, mapumziko ya nusu saa. Wakubwa wanapita mbele, wadogo wanasukumwa, mtu anaita kabila la mwenzake, ngumi. Tulichofanya ni kugawa mapumziko mara mbili, madarasa ya chini yakatoka dakika ishirini kabla ya ya juu, na tukaweka madumu mawili yaliyojazwa asubuhi kabla ya vipindi. Ugomvi wa bombani ulipungua ndani ya wiki hiyohiyo, na hakuna mtu aliyehubiriwa lolote.

Nasisitiza hili kwa sababu tunapenda kuwalaumu watoto kwa tabia mbaya wakati tumewaweka mahali ambapo hata watu wazima wangepigana. Tazama foleni ya uji, tazama uhaba wa madawati, tazama mlango mmoja wa choo. Yanayoweza kutatuliwa na fundi yatatuliwe na fundi. Yatakayobaki ndiyo ya kufundisha.

Hatua ya tatu: Wape watoto maneno

Muulize mtoto aliyetoka kupigana anajisikiaje. Atasema "nimekasirika", basi. Kila kitu kwake ni hasira. Lakini chini ya hasira kuna aibu, wivu, woga, uchungu, kinyongo, upweke, kudharauliwa, na mtoto asiye na neno la kitu hicho atakisema kwa ngumi.

Tenga dakika kumi na tano kwa wiki, kwenye kipindi cha Kiswahili au cha maadili. Andika ubaoni maneno mawili yanayokaribiana, kwa mfano aibu na kudharauliwa, au wivu na uchungu. Waulize tofauti yake, na kila mmoja atafute siku iliyomtokea. Usiwalazimishe kusema mbele ya wenzao. Wanaweza kumwambia jirani wa dawati tu. Katika kipindi cha "kinyongo", mvulana mmoja mkimya alisema: "Kinyongo ni hasira iliyolala na nguo." Sijapata maelezo bora zaidi ya hayo.

Kisha wafundishe kugeuza shutuma kuwa taarifa. "Wewe mwizi" inageuka "kalamu yangu siioni, na wewe ndiye uliyekaa hapa." "Unanionea" inageuka "umepita mbele yangu mara mbili leo, na mimi nina kiu." Wafanye kama mchezo, wawiliwawili, mmoja anatoa shutuma, mwenzake anaigeuza. Watacheka mwanzoni. Waache wacheke. Baada ya wiki tatu hivi utamsikia mmoja akiitumia bila wewe kumwambia, huko uwanjani, na utajua imeingia.

Hatua ya nne: Mkeka wa suluhu

Hapa ndipo penye moyo wa kazi yote, kwa hiyo nitapaeleza kwa urefu.

Chagueni mahali pa wazi lakini palipo mbali kidogo na makundi, panapoonekana kutoka ofisini. Sisi tulikuwa na mwembe. Nunueni mkeka wa ukindu, usiwe wa plastiki, na uwe na kazi hiyo moja tu. Asiukalie mtu kula wala kusubiri zamu ya kunyolewa. Watoto wataupa heshima wakiona ninyi mnauheshimu.

Wasuluhishi wachaguliwe na watoto wenyewe kwa kura ya siri, wavulana na wasichana sawa, kutoka darasa la tano hadi la saba. Kama kijiji chenu kina pande mbili kama chetu, hakikisheni pande zote mbili zimo. Viranja wasiwe wasuluhishi. Kiranja kazi yake ni kuamuru na kuandika majina, na mtoto hawezi leo kumwogopa mtu na kesho kumfungulia moyo. Na usishangae wakichagua mtoto ambaye wewe usingemchagua. Mmoja wa wasuluhishi wetu bora alikuwa mgomvi mkubwa wa darasa la sita. Alijua ugomvi unavyoanza kuliko sisi sote.

Wafundishe kwa wiki tatu, saa moja kila wiki, kwa kuigiza kesi za kubuni. Wanayopaswa kujua ni machache:

Wagomvi huvua viatu kabla ya kukanyaga mkeka. Tulianza hivi kwa sababu ya usafi, tukagundua faida nyingine. Mtoto aliyeshikwa na hasira akiinama kufungua kamba ya kiatu, hasa ile iliyofungwa fundo kwa sababu imekatika, anatumia karibu dakika nzima. Akiinuka, anapumua tofauti.

Wagomvi wasikae wakitazamana. Wakae ubavu kwa ubavu wakiacha nafasi, wote wawili wakiwatazama wasuluhishi wawili walio mbele yao.

Sheria ni tatu: anayesema asikatizwe, hakuna matusi wala kutajana kabila, yanayosemwa mkekani hayapelekwi darasani. Sheria hii ya tatu ina mpaka, nitaueleza kwenye hatua ya tano.

Maswali ni manne, kwa mpangilio huu. Nini kilitokea? Wewe kilikuuma nini? Unataka nini kifanyike? Na wewe unaweza kufanya nini? Baada ya kila jibu, kabla ya mwenzake kujibu, mwenzake huyo lazima arudie alichosikia. Hapo ndipo kazi inapofanyika. Mtoto hawezi kurudia maneno ya mtu bila kuyasikiliza.

Hii ni kesi moja niliyoisikia nikiwa nasahihisha madaftari hatua chache kutoka mkekani. Wasichana wawili wa darasa la tano, mmoja kidumu chake cha lita tano kimepasuka.

"Anza wewe. Nini kilitokea?"

"Kanipigia teke kidumu changu, makusudi. Kimepasuka. Mimi nilikuwa wa tatu kwenye foleni."

Msuluhishi akamgeukia mwenzake. "Amesemaje?"

"Amesema uongo."

"Hatujakuuliza kama ni kweli. Amesemaje?"

Kimya. Alianza kuchomoa ukindu pembeni ya mkeka. "Amesema nimepiga teke kidumu chake kikapasuka."

"Na nini tena?"

"Alikuwa wa tatu."

"Haya. Sasa zamu yako. Nini kilitokea?"

"Alinisukuma, akasema sisi tunanuka maziwa. Watu wote wakacheka."

"Wewe, amesemaje?"

Hapo palichukua muda. Mwenye kidumu alifungua mdomo mara mbili akafunga. "Amesema nilisema wananuka maziwa." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo ilibidi niache kalamu ili niisikie: "Nilisema kweli."

Hakuna mtu mzima aliyekaa nao mkekani, wala aliyemlazimisha kukiri. Makubaliano yao yalikuwa haya: aliyepiga teke atakipeleka kidumu kwa fundi kikazibwe kwa plastiki ya moto, na mpaka kitakapozibwa watachangia kidumu chake, wakipokezana kubeba. Mwenye kidumu ataomba radhi, na ataomba palepale bombani, saa ya mapumziko, kwa sababu waliocheka walikuwa pale. Hilo la mahali walilifikiria wenyewe. Tangu siku hiyo tumelifanya kanuni: radhi iombwe mahali tusi lilipotolewa.

Makubaliano yaandikwe kwa sentensi mbili au tatu kwenye karatasi, wote watie saini au dole. Baada ya siku tatu msuluhishi awaulize kila mmoja pembeni: bado imeisha? Kama haijaisha, mkeka unatandikwa tena.

Makosa ambayo nimeyaona yakiua mkeka ni haya mawili. La kwanza ni mwalimu kusogea na kutoa hukumu. Unawasikia wanakosea, mdomo unakuwasha, unasema "lakini mwenye makosa ni huyu." Basi umekwisha, kesho watakuletea wewe kesi, mkeka watauona wa maigizo. La pili ni ile haraka yetu ya "haya, peaneni mikono yaishe." Mtoto anatoa mkono, moyo ameubakiza. Kama hajawa tayari kusamehe, aambiwe arudi kesho. Kwetu wapo waliorudi siku ya nne.

Hatua ya tano: Yasiyoingia mkekani

Mkeka ni wa watu wawili wanaolingana nguvu. Uonevu si ugomvi. Mtoto mkubwa anayemnyang'anya mdogo pesa ya andazi kila asubuhi, au kundi linalomtenga na kumzomea mmoja, ukiwakalisha mkekani kama pande mbili unamwambia aliyeonewa kwamba naye ana sehemu ya kosa. Hapo mlinde kwanza anayeonewa: mhamishe dawati, mpe rafiki wa kutembea naye njiani, mtajie mwalimu anayeweza kumfuata saa yoyote. Anayeonea aitwe peke yake, na mzazi wake ajue. Ukichunguza, mara nyingi utakuta naye ana mtu anayemwonea kwingine, na hilo nalo lina kazi yake, lakini lisitangulie.

Pia visiletwe mkekani: kupigwa kulikoleta jeraha, silaha ya aina yoyote ikiwemo sime na fimbo ya kuchungia, wizi mkubwa, na jambo lolote la kushikwashikwa, kubakwa, kukeketwa au kuozeshwa. Wasuluhishi wajue neno moja la kusema wakisikia haya: "Hili ni la mwalimu." Nao wasilaumiwe kwa kuvunja siri, huo ndio mpaka wa sheria ya tatu. Mwalimu wa malezi apeleke jambo kwa ofisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Namba 116 ya kusaidia watoto ni ya bure. Iandikeni kwa rangi kwenye ukuta wanaoupita kila siku, chini, usawa wa macho ya mtoto wa darasa la pili.

Kama mtuhumiwa ni mwalimu mwenzako, utaratibu ni uleule. Najua uzito wake, nimeubeba. Msisuluhishe kwa chai ofisini.

Hatua ya sita: Kesi kubwa za historia

Watoto wakishaijua kazi ya mkeka, waoneshe kwamba watu wazima nao wameifanya kwa mambo ya nchi. Hapa usitoe hotuba. Toa kesi, usiseme iliishaje, waache wabishane.

Ninayoipenda zaidi ni Tabora, Januari 1958. Serikali ya kikoloni imetangaza uchaguzi, lakini kwa sharti la kuudhi: kila mpiga kura lazima achague watu watatu, Mwafrika, Mhindi na Mzungu, ingawa Waafrika ndio karibu nchi nzima. Wajumbe wengi wa mkutano wa TANU, chama kinachodai uhuru, wanataka kuususia. Wengine wanaona bora vurugu kuliko dharau hiyo. Ligawe darasa makundi matatu: wanaotaka kususia, wanaotaka kushiriki, na wasioamua ambao ndio wanaopaswa kushawishiwa. Nusu saa ya ubishi, kisha kura. Baada ya hapo ndipo uwaambie kwamba Nyerere aliwashawishi wajumbe washiriki, kwamba Zuberi Mtemvu hakukubali akaondoka kwenda kuanzisha chama chake, kwamba wagombea walioungwa mkono na TANU walishinda, na kwamba tarehe 9 Desemba 1961 nchi ikawa huru bila vita. Waulize na hili: Mtemvu alikuwa na hoja? Alikuwa nayo. Kutotumia nguvu kusigeuke kuwa kutokubishana. Mtoto aliyezoea kunyamazishwa kwa jina la amani siku moja ataichukia amani yenyewe.

Kesi ya pili ni Zanzibar. Januari 2001 damu ilimwagika Unguja na Pemba. Tarehe 5 Novemba 2009 Rais wa Zanzibar Amani Abeid Karume na kiongozi wa upinzani Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, na tarehe 31 Julai 2010 Wazanzibari wakapiga kura ya maoni, asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Swali la darasa: kila mmoja wao aliacha nini ili akutane na mwenzake? Waambie pia kwamba umoja huo ulivunjika baada ya uchaguzi wa 2015 kufutwa na kurudiwa, na ukafufuliwa mwaka 2020. Watoto wa mkekani wanaielewa haraka kuliko tunavyodhani. Mmoja aliuliza, "Nani alikuwa anawauliza kila siku tatu kama bado imeisha?" Mwalimu awe mwangalifu hapa asionekane anapigia chama debe, abaki kwenye maswali.

Ya tatu niliichukua kwa ajili ya watoto wa wafugaji, wasije wakadhani amani ni kazi ya watu wa mjini. Ni Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1990, koo za wafugaji wa Kisomali zilipokuwa zikiuana. Wanawake wachache, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, walianza na soko: mwanamke wa ukoo wowote auze na anunue bila kubughudhiwa. Walilisimamia hilo wenyewe, kisha wakawafuata wazee, kisha vijana. Mwaka 2007 Dekha alipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Waulize watoto: kwenye shule yetu, soko ni wapi? Wangu walijibu kwa pamoja kwamba ni bombani.

Hatua ya saba: Wazazi

Waite wazee wa pande zote, mwenyekiti wa kijiji, na laigwanani, yaani kiongozi wa kimila, kama mna Wamaasai, waje waone watoto wakiigiza kesi moja mkekani. Waje watazame, wasije kuhutubia. Baada ya hapo waombe wawasimulie watoto jinsi babu zao walivyosuluhisha mambo, nani alikaa wapi, nini kililipwa, nini kililiwa pamoja. Wanayo mengi, na wanafurahi kuulizwa.

Kuwe na mpaka mmoja usiovukwa: mtoto asitumwe kusuluhisha wazazi. Kesi ya ng'ombe na mpunga ni ya baraza la kijiji. Cha shule ni kuhakikisha tu kwamba Jumatatu dawati halivunjiki. Tulikubaliana na wazee kwamba kukitokea jambo mwishoni mwa wiki, mwenyekiti anampigia mwalimu mkuu Jumapili jioni, ili Jumatatu tuwapokee watoto getini tukijua. Simu hiyo imetusaidia kuliko semina zote.

Mwisho wa muhula lifungue tena daftari la ugomvi, andika wiki mbili nyingine, linganisha. Usitafute ugomvi uishe. Tazama nani aliumaliza na kwa njia gani. Na kumbuka kalenda: wasuluhishi wa darasa la saba wakimaliza mtihani Septemba wanaondoka na ujuzi wao wote. Wapya wachaguliwe mwezi wa sita, na muhula wa pili unapoanza wakae pembeni ya mkeka wakisikiliza, wakiwa wamevua viatu kama wagomvi, mpaka siku watakayoachiwa kesi yao ya kwanza.